Geti Nililolizindua Mwenyewe

Watu wakisikia nimestaafu siasa hucheka kwanza, halafu huuliza kama nilistaafu au nilistaafishwa. Nilistaafishwa. Wapiga kura wa wadi yetu hapa Kitengela walinipa mihula miwili katika bunge la kaunti, wakaninyima wa tatu, na walifanya hivyo mchana kweupe bila kuiba hata sanduku moja. Nalisema mapema msije mkadhani naandika kwa uchungu. Uchungu nilikuwa nao, ulinikaa kama miezi minne, ukaisha wenyewe. Aliyenifanya nishike kalamu ni Lemayian, kijana aliyenishinda. Alinipigia simu akasema, "Mwalimu, sisi wapya tumeingia na hakuna mtu ametuambia hii kazi inafanywa namna gani. Tuandikie." Hapa karibu kila mtu huniita mwalimu, hata wasionipenda, kwa sababu nilifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla sijaingia kwenye siasa.

Basi nawaandikia nyinyi mnaoingia. Mambo ya magari na marupurupu sitayagusa. Hayo mtayajua bila mwalimu.

Mimi ni mtu wa Vihiga. Mume wangu alipata kazi kiwandani Athi River, nami nikamfuata na chaki zangu. Tulinunua ploti wakati punda milia bado walikuwa wakilala mahali ambapo sasa kuna benki. Majirani zetu wa kwanza walikuwa Wamaasai wenye mashamba, kisha wakaja watu wa kwetu magharibi, wakaja watu wa Kati wenye maduka, na kila aliyekuja alizungushia ploti yake ua. Sikuona ubaya wowote katika hilo. Nasi tulikuwa na ua, tena wa miti ya miiba ya kei-apple, ambao mume wangu aliupenda kuliko alivyowahi kunisifu mimi.

Siku yangu ya kwanza bungeni Kajiado nilivaa viatu virefu na kuketi kwenye kiti cha mtu mwingine. Mheshimiwa mmoja alipomaliza kuongea nikapiga makofi. Bungeni hakupigwi makofi. Watu hukanyaga sakafu kwa miguu. Ukumbi mzima uligeuka kunitazama, na yule mwenye kushika siwa akanitazama mara mbili. Jioni nilimwambia mume wangu nimekosea kazi. Akaniambia nile kwanza, nikala, nikarudi kesho yake na viatu vya chini.

Aliyeniokoa ni Bi Wanjiru, karani wa kamati, mama mwembamba wa Kiserian aliyekuwa amewaona waheshimiwa wakija na kuondoka tangu siku za mabaraza ya madiwani. Hakuwa na haraka na hakuwa na woga. Nilimpelekea hoja yangu ya kwanza, kurasa tatu kuhusu shida za maji duniani. Akaisoma yote, akavua miwani.

"Mheshimiwa, hoja ni barua kwa mtu mvivu," akaniambia. "Andika unataka nini kifanywe, nani akifanye, na lini. Ukiacha moja kati ya hizo tatu, atalalia hiyo."

Ilibaki mistari minne, na ikapita. Mpaka leo, nikimtuma mtu dukani natumia utaratibu huo huo.

Vifaa vya kazi ni vichache. Wekeni gambuti kwenye buti ya gari, kwa sababu udongo wetu mweusi ukinyeshewa haujui mheshimiwa ni nani. Muwe na simu mbili, moja ya matanga, karo na watu waliofungiwa polisi, na nyingine ya nyumbani, na hiyo ya pili msimpe mtu hata akilia. Tafuteni ramani ya wadi kutoka ofisi ya ardhi, ile ya wapima, siyo ile ya rangi iliyobandikwa ukutani. Mimi yangu nilikuwa nayo. Kuisoma ndiko kulikonishinda, na nitawaeleza namna kulivyonishinda.

Kesi nyingi zitakuwa ndogo. Ya kwanza kwangu ilikuwa ya makanisa mawili yaliyotenganishwa na ukuta mmoja wa mabati, kila moja na spika zake. Niliwapangia zamu. Moja likaanza kuomba alfajiri ili kulitangulia jingine, na lile jingine likajibu kwa kununua ngoma. Mwishowe walitengana wenyewe kodi ilipopanda, na wote wawili wakanishukuru hadharani kwa kuleta amani. Nilizipokea shukrani hizo bila kusema neno.

Ya geti haikuwa ndogo.

Katika muhula wangu wa pili, mtaa mmoja wa upande wa Kisaju ulianza kuvamiwa na wezi. Ulikuwa mtaa wa nyumba kama mia mbili, wengi wao watu wa kwetu: walimu, wauguzi, watu wa ofisi za Nairobi. Mwenyekiti wao alikuwa Bwana Wekesa wa Bungoma, askari jela mstaafu. Mtu akishika funguo miaka thelathini hawezi kulala mahali pasipo na geti. Alinijia na barua yenye saini za nyumba zote, akaniita dada, akaniomba kaunti iwatengenezee barabara ya maramu na geti moja kubwa, wao wataweka mlinzi. Hawa ndio walionipigia kura kwa wingi kuliko mtaa wowote. Nilitaka kuwafurahisha, sitadanganya.

Nikafungua ramani. Palikuwa na njia pana iliyopita katikati ya mtaa ule, ikatokea upande wa pili kwenye uwanda mtupu, na kuishia pale. Haikuelekea shule wala soko. Nikadhani mpima ardhi alichoka. Nikaamua kwamba geti likikaa kwenye mdomo wa njia hiyo halitamkera mtu yeyote.

Sheria inataka umma ushirikishwe kabla ya mradi wowote. Nikaitisha mkutano katika ukumbi wa kanisa, tangazo likabandikwa kwa chifu na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Watu walijaa, chai ikatosha, kila mtu akaunga mkono. Nikabeba orodha ya waliohudhuria mpaka Kajiado, nikampa Bi Wanjiru huku nimejaa raha. Aliipitia kwa kidole, jina kwa jina.

"Naona akina Wekesa, akina Achieng, akina Njoroge," akasema. "Wenye hii ardhi wamekwenda wapi? Mkutano ulikuwa siku gani?"

Nikamtajia siku. Akaniambia, "Hiyo ni siku ya mnada wa ng'ombe."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia waliarifiwa. Nilikuwa nimekaa Kajiado zaidi ya nusu ya maisha yangu, najua mnada ni siku gani kama ninavyojua Jumapili, na siku ile nilipokuwa nikipanga mkutano sikukumbuka hata kidogo. Siku ya mnada huwezi kumpata mfugaji ukumbini hata ukiahidi kugawa ardhi. Bi Wanjiru hakubishana nami. Alipiga muhuri, na nikaichukua karatasi yangu nikaenda.

Tukajenga. Siku ya uzinduzi nilikata utepe, kwaya ikaimba, na kwenye nguzo ya geti wakaweka bamba la jiwe lenye jina langu lote, na neno Mheshimiwa mbele yake. Nilipiga picha nalo. Picha hiyo ninayo bado, na mjukuu wangu akiitazama huuliza kwa nini nacheka hivyo.

Miaka miwili ilinyesha vizuri. Nyasi zilikuwa kila mahali na mabwawa ya nyikani yalijaa, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Kisha ukaja ule ukame. Mabwawa yakakauka, na ng'ombe wakaanza kurudi kuelekea kisima cha kaunti chenye pampu ya sola, kilichoko ng'ambo ya ule mtaa ukitokea nyikani.

Asubuhi moja alikuja ofisini kwangu mama mmoja wa makamo, shuka begani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Wamaasai humwita mama kwa jina la mwanawe, na huyu alikuwa Ng'oto Sein, mama yake Sein, mjane wa mzee aliyetuuzia wengi wetu ploti. Alinisalimia "Takwenya," nami nikamwitikia "Iko," kwani hicho Kimaasai ninakiweza. Nikamwambia aketi. Akakataa.

"Ng'ombe yangu imesimama kwa geti yako tangu asubuhi," akasema. "Mlinzi amekataa kufungua."

"Mama, lile geti si langu. Ni la mtaa."

"Jina yako iko kwa ukuta."

Nikamvutia kiti tena, na safari hii akaketi, akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Ile njia niliyodhani haifiki popote ndiyo njia ya ng'ombe. Mume wake alipouza ploti aliiacha makusudi, akawaambia wapima wasiiguse, ili mifugo ya nyikani ifike majini. Hakuiandika mahali, kwa sababu kila aliyekuwa akiitumia aliijua. Sasa njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka kwa lami, barabara kuu ya Namanga, kati ya malori. Wiki ile ile lori lilikuwa limeua ng'ombe wake wawili.

"Imebaki tisa," akasema. "Sein yuko chuo cha uuguzi, mwaka ya mwisho. Hiyo tisa ndiyo karo yake na ndiyo mimi. Wiki mbili tena kwa hiyo barabara, hakuna ng'ombe na hakuna muuguzi."

Niliona aibu. Nimefundisha watoto maelfu kwamba mtu husoma swali kabla ya kujibu.

Nilikwenda kwa Bwana Wekesa siku hiyo hiyo. Alinikaribisha vizuri, mkewe akaleta chai na mayai ya kuchemsha, na nilipomaliza kueleza akaweka kikombe chini.

"Dada, wewe ulituletea geti. Sasa unataka kutuletea ng'ombe?"

"Ni njia yao, Bwana Wekesa. Tuliwafungia bila kuwauliza."

"Mavi mlangoni. Nzi. Watoto wanacheza pale. Na wezi watapita nyuma ya mikia, nani atawajua?" Akainama karibu yangu. "Uchaguzi umebaki mwaka. Hapa kuna nyumba mia mbili. Yule mama ana kura moja."

"Na Sein, mbili," nikasema. Hakucheka.

Nikamwomba kitu kimoja tu: kwa kuwa alikuwa askari, anisindikize kesho yake tuwapeleke wale ng'ombe kwa lami, ili anionyeshe ilivyo salama. Alikuja na kofia yake ya zamani na filimbi. Ng'oto Sein alitangulia, mimi nyuma na gambuti zangu. Karibu na kituo cha mafuta, lori lililobeba saruji lilipiga honi, ndama akaruka katikati ya barabara na Ng'oto Sein akamfuata. Wekesa aliingia barabarani akainua mkono, filimbi mdomoni, mpaka lile lori likasimama. Kati ya bampa yake na tumbo la Wekesa palikuwa na nafasi ya mtu kupita kwa ubavu. Tulifika kisimani. Alinawa uso kwenye birika la ng'ombe, na njia yote ya kurudi alitembea kati ya ng'ombe na malori. Nilijua nimempata.

Sikuwa nimempata. Jioni mtaa ulikutana bila mimi, na wakapiga kura geti libaki limefungwa, mwenyekiti akiwa wa kwanza kuinua mkono.

Bi Wanjiru alinisaidia kuandika hoja. Ilikuwa nzuri, mistari mitano, lakini kamati haingeweza kufika pale kabla ya wiki sita, na ng'ombe hawangoji kamati. Hapo nikafanya nililoweza kufanya peke yangu. Barabara ilikuwa ya kaunti. Nilikaa kwenye ofisi ya barabara siku mbili mpaka wakachoka kuniona, wakanipa barua: geti lifunguliwe kila siku kuanzia saa tatu mpaka saa tano asubuhi, mpaka hoja isikizwe. Jumamosi nikaitisha watu pale getini, nikasimama chini ya jina langu mwenyewe, nikasema nilikosea. Nikasema niliitisha mkutano siku ya mnada na kwamba hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Nikaisoma barua. Walinizomea vizuri sana. Bwana Wekesa akachomoa ufunguo kwenye mnyororo wake, akauweka mkononi mwangu.

"Basi ufungue wewe," akasema.

Nikafungua mimi. Wiki sita zikapita bila kamati kufika, nami nikaendelea kufungua ukame wote ule, kila asubuhi isipokuwa siku za kikao, na siku za kikao mume wangu alinishikia zamu. Nawaambia ukweli, katika mihula miwili sijafanya kazi iliyonipa raha kama ile. Ng'ombe wale tisa, na wengine waliowafuata, walipita kimya wakitazama mbele, wamechoka, na walirudi wakiwa na matumbo ya mviringo. Siku ya kwanza mama mmoja mwenye genge la mboga, Mama Njeri, alitokea na wilbaro na sepetu, akazoa mavi yote akapeleka kwenye sukuma wiki yake. Siku ya pili walikuwa watatu. Mwisho wa mwezi ilibidi nipange zamu za mavi, maana walimu wawili wa shule ya upili walikaribia kushikana mashati.

Hayo hayakunisaidia kwenye kura. Bwana Wekesa alizunguka nyumba hadi nyumba akimpigia debe Lemayian, na mtaa ukanipa jina Mama Mavi. Kwenye mikutano vijana waliliimba. Ukiitwa hivyo ukiwa jukwaani, cheka nao. Mimi nilijaribu kukasirika na ikawa mbaya zaidi. Matokeo yalipotangazwa nilikuwa nimepitwa kwa kura zisizofika hata idadi ya nyumba za mtaa ule.

Nilijifungia siku tatu. Sikuwa na uso wa kuonyesha watu. Siku ya nne nikaamka na hofu, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu na mvua zilikuwa hazijanyesha. Siku tatu. Nilivaa gambuti nikaenda mbio, umri wangu huu, nikijiona namkuta Ng'oto Sein kwenye lami.

Geti lilikuwa wazi. Mavi mabichi yalikuwa chini, na Bwana Wekesa alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani, filimbi shingoni.

"Umechelewa," akasema. "Wamepita."

"Ulifunguaje? Ufunguo ninao mimi."

"Dada, askari jela hakosi ufunguo wa akiba."

Nilisimama nikihema. Nikamwuliza kwa nini, kama alikuwa tayari kufungua, alizunguka mtaa mzima akinipinga mpaka nikaanguka.

"Ulifunga bila kuwauliza wale," akasema. "Halafu ukafungua bila kutuuliza sisi. Ulisoma barua tu. Mtu wa hivyo mimi simpi kura, hata akiwa wa kwetu. Lakini ng'ombe zimekosa nini? Na lile lori niliona kwa macho yangu." Akanyoosha mkono. "Lete huo mwingine. Mambo ya ufunguo mbili kwa watu wawili hiyo si ulinzi."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kushindwa, kwa sababu yalikuwa kweli. Nilidhani nimelirekebisha kosa langu, kumbe nililifanya mara ya pili kwa upande wa pili. Nikampa ufunguo.

Lemayian alipoapishwa alikuja kuniuliza aanzie wapi. Nilimwambia aende kwa Ng'oto Sein na kwa Bwana Wekesa awaulize ni siku gani wote wanaweza, kisha asiseme chochote mpaka wamalize. Kikao kilifanyika pale pale getini, Jumapili baada ya ibada. Walikuja wafugaji kutoka mbali, na mtaa ukatoa viti. Sein alikuja na sare yake ya uuguzi, maana alikuwa amemaliza. Mama yake na Bwana Wekesa walibishana karibu saa nzima kama geti lifunguliwe saa tatu au saa mbili unusu, wakielewana kabisa kwamba lifunguliwe. Bi Wanjiru alikuwa akiandika. Mpima ardhi alichora njia ile kwenye ramani, akaandika kwa herufi kubwa kwamba ni ya mifugo, na kila upande ukatia saini.

Kabla ya kufunga, Lemayian aliniona nimeketi nyuma na akina mama wa mboga, akauliza kama mheshimiwa wa zamani ana neno. Nikasimama. Nikasema sina la kuongeza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya siasa, ilikuwa kweli.